Baunsa akikuvunja taya, umshitaki yeye au baa?

Mleta mada: Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Kijana wa jirani yangu alitolewa kwenye baa moja hapa Dar kwa ubishi wa bili. Kumtoa sina tatizo nako, baa ina haki ya kumtoa msumbufu. Ila alipokuwa ameshafika nje, amekaa chini kwenye ngazi, baunsa akamfuata na kumpiga teke la uso. Taya limevunjika. Meneja alipofuatwa akajibu kwamba yule ni deiwaka, analipwa usiku kwa usiku, "mtafuteni mwenyewe". Na mtaani wengi wanamuunga mkono: aliyepiga ndiye alipe.

Mimi nasema huo ni ujanja. Baunsa haajiriwi kwa ajili ya tabasamu lake, anaajiriwa kwa ajili ya mwili wake. Mwenye baa anaununua ubavu ule na kufaidika nao kila usiku, bili zinalipwa na fujo zinapungua, halafu siku ubavu huohuo ukivunja mtu anajifanya hausiki? Sheria yetu ya madai ilirithi kwa Waingereza kanuni kwamba mwajiri anawajibika kwa kosa la mfanyakazi wake lililotendeka ndani ya kazi. Kinachopimwa ni kitendo kile kilihusiana vipi na kazi aliyopewa. "Sikumtuma apige" peke yake haimwokoi mtu.

Chukueni kesi hii ya London. Mwaka 1998 baunsa wa klabu aligombana na wateja, wakamzidi, akakimbilia kwake kuchukua kisu, akarudi na kumchoma mtu barabarani, nje kabisa ya klabu. Aliyechomwa akapooza. Mahakama Kuu ilisema klabu haihusiki kwa sababu kile kilikuwa kisasi chake binafsi. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaitengua: mwenye klabu alimweka mlangoni mtu asiye na leseni, tena akimtaka awatishe wateja, basi matokeo ni yake pia. Hukumu ya Uingereza haimfungi jaji wetu, lakini mawakili huzitumia kushawishi.

Hilo la deiwaka nalo lisiwatishe. Nani alimwambia asimame wapi? Nani anamwamuru "huyo mtoe"? Kama katoka kampuni ya ulinzi, washitakiwe wote wawili, wao wajuane huko mbele.

Niliyewahi kulinda mlango: Mleta mada unaongea kama kila mteja ni malaika. Njoo saa tisa usiku mtu amevunja chupa ya bia na anakufuata nayo, halafu uniambie nitumie nguvu kiasi gani. Nimechanwa mkono, na mwenye baa hakunilipia hata nyuzi. Lakini mtu aliyekaa chini hapigwi. Hilo silitetei.

Mwenye baa, Mwanza: Mkiufungua mlango huu tutafunga biashara. Kila mlevi atakayeanguka ngazini atasema kasukumwa. Baunsa akifanya ushenzi wake, kuna polisi. Shambulio la kudhuru mwili ni hadi miaka 5 jela, na madhara makubwa ni hadi 7. Haitoshi?

Mleta mada: Haitoshi, mkuu. Jela hailipi hospitali. Hata mahakama ikiamuru fidia kwenye kesi ya jinai, anayeamriwa ni deiwaka ambaye hana kitu. Ndiyo maana ya kufungua na kesi ya madai dhidi ya baa.

Wakili kijana: Naomba niwapunguzie moto kidogo, kwa sababu kesi mnayoitaja ina ndugu zake wanaovuta upande mwingine. Australia, mwaka 1949: mhudumu wa kaunta alimrushia mteja bia usoni, kisha na bilauri yenyewe. Mteja akapofuka jicho moja. Mahakama Kuu ya huko ikasema mwenye hoteli hawajibiki, mhudumu alikuwa analipiza la kwake, na kutuliza fujo haikuwa kazi yake.

Uingereza, mwaka 1962, ndiyo inayokugusa wewe hasa. Baunsa wa ukumbi wa dansi alimpiga mteja ndani. Meneja akamwamuru arudi kazini. Yeye akatoka nje na kumpiga tena. Mwajiri akawajibika kwa kipigo cha kwanza, cha pili kikabaki cha baunsa mwenyewe. Sasa teke lenu lilipigwa nje, mtu akiwa ameshatolewa. Wakili wa baa ataanzia hapohapo.

Mleta mada: Hapo umenipa kazi. Ila yule wa 1962 alikaidi amri ya meneja. Huyu wetu meneja alisimama mlangoni akiangalia, hakusema kitu. Kwangu mimi huko ni kuridhia.

Wakili kijana: Hoja nzuri, ukiweza kuithibitisha. Je, mlichukua mapema RB, yaani namba ya taarifa yenu polisi, na PF3, fomu ya polisi anayoijaza daktari? Daktari aliandika taya limevunjika, au "maumivu ya uso"? Kisha iandikieni baa barua wiki hii, muwatake wasifute picha za kamera, maana kamera nyingi hurekodi juu ya zile za zamani. Kesi ya namna hii ina ukomo wa miaka 3, lakini watu wanajidanganya na hiyo miaka. Wahudumu wa baa wanahama kila mwezi. Ukichelewa, shahidi wako yuko Tunduma na simu haipatikani.

Niliyewahi kulinda mlango: Na ongea na walinzi wenzake. Wakishagombana na meneja kuhusu malipo wanasema yote.

Mwenye baa, Mwanza: Basi mtafuteni kweli hao mashahidi. Kamera ya ngazini kwangu ni ya kutishia wezi tu, haijawahi kurekodi hata siku moja, na siko peke yangu.