Baba kaangalia filamu ya baharia aliyeomba asaidiwe kufa, sasa ananiuliza maswali. Nimjibu nini?

Binti_Mikindani:

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri na naomba sana huu uzi tusiufanyie utani, jambo lenyewe linaniuma.

Niko Mikindani hapa Mtwara, namuuguza baba. Ni saratani ya tezi dume, imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, miguu imegoma, mkojo unatoka kwa mpira, lakini kichwa kizima kabisa, anakumbuka mpaka majina ya majahazi aliyoendesha maana alikuwa nahodha, Lindi, Kilwa mpaka Msumbiji huko. Kulala kutwa kunamchosha ndo nikaanza kumwekea filamu jioni nikitoka kazini. Alianza na za Kihindi zilizotafsiriwa, baadae akasema niwekee ya bahari. Kwenye flashi ya rafiki yangu kulikuwa na moja ya Hispania inaitwa Mar Adentro, ya mwaka 2004, kaigiza Javier Bardem, nikamwekea hiyo.

Kwa asiyeijua, ni kisa cha kweli cha Ramón Sampedro, baharia wa huko Galicia. Mwaka 1968 akiwa kijana wa miaka 25 alijirusha baharini toka kwenye mwamba, maji yalikuwa yamekupwa, akavunjika shingo na kupooza mwili mzima kuanzia shingoni kushuka chini. Kakaa kitandani karibu miaka 30, mke wa kaka yake ndo anamgeuza anamlisha anamsafisha, akaenda mahakamani kuomba aruhusiwe kusaidiwa kufa, wakamkatalia, mwisho akafa 1998 kwa msaada wa marafiki.

Baba katazama kimya mwanzo mwisho, mi namtafsiria maandishi ya chini. Kuna sehemu yule bwana anajiona ananyanyuka kitandani, anatoka dirishani, anapaa juu ya milima mpaka baharini. Baba akasema rudisha. Nikarudisha. Akasema rudisha tena. Ilipoisha akaniuliza "Kwa hiyo kwa wenzetu inaruhusiwa?" Nikamwambia enzi zile Hispania ilikuwa hairuhusiwi, sheria wamepitisha 2021. Akasema "Wamefanya vizuri. Mtu akichoka aachwe apumzike."

Kaka yangu yuko Tandahimba, nilipompigia kasema futa hizo filamu zote mwekee mawaidha tu. Lakini mi naona baba tangu siku ile anaongea vitu ambavyo tangu augue hajawahi kuvitamka, anamtaja marehemu mama, anaongelea kaburi, wakati zamani ukimuuliza hali anajibu "alhamdulillahi" basi. Sasa niendelee au niache? Nikiendelea niweke zipi? Na akirudia ile kauli nimjibu nini?

Kusini_Damu:

Pole sana dada. Mi namuunga mkono kaka yako, futa. Mgonjwa anapewa matumaini sio habari za wazungu waliokata tamaa. Halafu hapa kwetu Kanuni ya Adhabu iko wazi, kumshawishi au kumsaidia mtu ajitoe uhai ni kosa kubwa la jinai, sasa mzee akizoea mazungumzo ya hivyo mbele ya watu mtajikuta mnaeleza polisi. Weka kaswida, weka mpira wa miguu, maisha yaendelee.

Nesi_Mstaafu_Lindi:

Binti yangu pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na nyumbani nimeuguza pia, nikuambie ninachokijua.

Mgonjwa wa saratani akisema amechoka, usimjibu kuhusu kufa kwanza, muulize anaumwa wapi. Na uliza hasa usiku. Saratani ya mifupa inauma kuliko watu wanavyodhani, na wazee wetu hawa waliozoea kazi ngumu hawasemi, anabana meno anasema alhamdulillahi. Anatumia nini cha maumivu? Kama bado yuko kwenye panadol na diclofenac tu basi huyo mzee anateseka bure. Kuna mofini ya maji, ya kunywa, wenyewe pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, wanaitumia siku zote kwenye tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, muulizeni daktari wake huku ataipataje. Inanywewa kwa saa zilizopangwa na sio kusubiri mpaka aumie, na anapewa na kitu cha kulainisha choo maana inafunga tumbo. Huku kwetu watu wakisikia mofini wanasema ndo kaagwa huyo, au atakuwa teja. Sio kweli hata kidogo. Nimeona watu wamekaa nayo miezi na miezi wanakula, wanasali, wanagombana na wajukuu.

Yule mama Cicely Saunders aliyefungua St Christopher's, nyumba ya kutunza wanaokaribia kufa, kule London mwaka 1967, ambaye mwenyewe alianza kama nesi, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa sio ya mwili peke yake, kuna ya moyo, kuna ya kuwaza familia na hela, kuna ya roho. Ukitibu moja ukaacha mengine anaendelea kulia. Kwa hiyo ukishauliza la mwili, uliza na hayo.

Halafu uliza lile swali lenyewe, bila kuzunguka: "Baba, ukisema kupumzika una maana unafikiria kujimaliza, au unasema umechoka na hali hii?" Watu wanaogopa wakiuliza watampa wazo. Hutampa wazo, utamtua mzigo. Akikuambia ndiyo anafikiria, na hasa akiwa ameshapanga, asiachwe peke yake na siku hiyohiyo umuone daktari, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, kwa wagonjwa hawa ipo na inatibika. Na kuanzia leo dawa zote ashike mtu mmoja, zisikae pembeni ya kitanda.

Filamu usifute. Imekufungulia mlango ambao sisi wodini tunahangaika wiki nzima kuufungua.

Mtazamaji_Shangani:

Nakubaliana na mama nesi. Mi ni mtu wa filamu, acha nisaidie upande huo.

Binti, kwenye hiyo hiyo Mar Adentro kuna kipande mrudishie mzee. Yule padri anayekuja kumshawishi Ramón, naye kapooza yuko kwenye kiti cha magurudumu, kiti hakipandi ngazi, basi wanabishana mmoja yuko chini mwingine juu, kijana wa seminari anapanda na kushuka kupeleka majibu mpaka wanaishia kupigiana kelele. Kinachonigusa mimi ni yule shemeji, Manuela. Anamwambia padri maneno makali kabisa kumtetea Ramón, na hapo hapo yeye ndo anayempenda na kumtunza kila siku ya Mungu. Ile filamu haikuambii nani yuko sahihi. Mwangalie Manuela, ndo wewe.

Sasa za kuendelea nazo. Kama mzee anapenda za Kihindi tafuta Anand ya 1971, Rajesh Khanna ni mgonjwa wa saratani anajua kabisa anakufa, Amitabh Bachchan akiwa bado kijana ndo daktari wake. Daktari ana huzuni kuliko mgonjwa! Yule Anand anaingia nyumba za watu, anatafuta marafiki barabarani, anapanga ndoa za wenzie. Halafu kuna ya Kijapani, Ikiru, 1952, ya mwongozaji Kurosawa. Mzee wa ofisi ya jiji, kazi yake miaka 30 kupiga mihuri, anagundua ana saratani ya tumbo. Kwanza anakimbilia pombe na starehe, haimsaidii. Kisha anakumbuka kuna akina mama wa mtaani walikuwa wanazungushwa toka dirisha hili kwenda lile, wanaomba dimbwi la maji machafu lifukiwe pajengwe sehemu ya watoto kucheza. Analishika hilo faili moja anahangaika nalo ofisi kwa ofisi huku anaumwa, mpaka uwanja unajengwa. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia kiwanja halmashauri ataielewa bila tafsiri. Waingereza waliirudia 2022 ikaitwa Living, kaigiza Bill Nighy, ni fupi kidogo.

Usimwekee Amour ya 2012. Ni filamu kubwa, ilibeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu kule Cannes, wazee wawili wa Paris mke kapigwa kiharusi mume anamuuguza, lakini mwisho wake ni mzito mno. Itazame wewe peke yako siku ukiwa na nguvu, maana inamhusu anayeuguza kuliko anayeumwa.

Magurudumu_Masasi:

Mimi niko kwenye kiti tangu ajali ya pikipiki, napita hapa kwa uchungu kidogo. Mmegundua hizi filamu mtu kama mimi mara nyingi lazima afe ndo stori iishe? Million Dollar Baby bondia anapooza, anaomba kufa. Guzaarish ya Hrithik Roshan, 2010, mfanya mazingaombwe kapooza, anaomba mahakama imruhusu afe. Me Before You 2016, kijana tajiri anapendwa na msichana mzuri, bado anachagua kwenda Uswisi ambako kusaidiwa kufa sio kosa kama anayesaidia hana maslahi yake. Watu wenye ulemavu kule Marekani na Uingereza walizipinga, na mi nawaelewa. Mtu akitazama tatu za hivyo mfululizo anatoka anaamini kwamba kumpenda mlemavu ni kumruhusu aondoke.

Nilipolazwa mi mwenyewe nilisema nataka kufa, nilisema mara nyingi tu. Nilichokuwa nakitaka ni kutoka nje nione barabara. Kaka yangu alitengeneza njia ya mteremko mlangoni kwa mbao na saruji, maneno yale yakaisha.

Binti mwekee Intouchables ya 2011. Tajiri wa Kifaransa kapooza shingo kushuka chini na kijana anayemtunza, Omar Sy, mtacheka kweli. Na mwenye kisa, Philippe Pozzo di Borgo, aliishi na hali hiyo miaka 30 hivi mpaka 2023, na kule Ufaransa alikuwa anasimama hadharani kupinga sheria ya kusaidia watu kufa. Mzee asikie pande zote mbili, ya Ramón na ya Philippe, ni mtu mzima ataamua mwenyewe anamuelewa nani.

Ustadh_wa_Ng'apa:

Assalaam alaykum. Ndugu yetu Kusini_Damu ana nia njema lakini tusimzibe mgonjwa mdomo. Kujiua ni haramu, Qur'an imesema wala msijiue, hilo halina mjadala kwetu. Ila kuchoka sio dhambi. Mtume (s.a.w.) alijua kwamba mtu atafika mahali pa kutamani mauti kwa sababu ya dhiki, ndo maana hakuishia kukataza, alifundisha cha kusema: Ewe Mwenyezi Mungu niweke hai maadamu uhai ni kheri kwangu, na nifishe ikiwa mauti ni kheri kwangu. Hiyo dua iko kwa Bukhari na Muslim. Msomee baba, mwambie aisome naye, utaona inambeba. Na dawa ya maumivu kwa maelekezo ya daktari ni tiba, asije mtu akawaambia mzee lazima aumie ndo apate thawabu.

Akitaka kuongelea kaburi na wasia mkaribishe aongee. Wasia ni sunna, sio uchuro.

Mama_Chikongola:

Ongezeeni Plan 75 ya Japani, 2022. Ni ya kubuni, serikali inawapa watu wa miaka 75 kwenda juu ofa ya kufa kwa hiari, kila kitu ni cha upole, fomu, simu, binti wa kuongea nao. Bibi wa miaka 78 anapoteza kazi na kupanga nyumba anakataliwa, anaanza kuona ajiandikishe tu. Mi nililia maana hakuna aliyemlazimisha, alijiona mzigo basi. Usimwonyeshe baba, onyesha kaka yako wa Tandahimba.

Binti_Mikindani:

Nimerudi. Jana usiku niliuliza kama mama nesi alivyosema. Kwanza nikauliza maumivu, akasema usiku mgongo unawaka mpaka anahesabu adhana, alikuwa hasemi kwa sababu anajua hela ya dawa inatoka kwangu. Kisha nikauliza lile swali lenyewe. Kakaa kimya mpaka nikaogopa. Akasema hapana, hawezi kufanya hivyo, anamuogopa Mungu. Halafu akasema "Sitaki kuvuliwa nguo na wewe. Wewe ni mwanangu wa kike. Kila ukibadilisha huo mpira naomba roho itoke kabla hujamaliza."

Muda wote huo mi nahangaika na filamu, kumbe kuna na hilo.

Nimeongea na mtoto wa shangazi, kijana wa kiume, amekubali kuja asubuhi na jioni kumuogesha na kushughulika na mpira. Kaka naye kakubali kuchangia dawa kila mwezi na keshokutwa tunampeleka kwa daktari tuulize hiyo mofini.

Ila niwaambie ukweli, baba hajabadili maneno yake kuhusu wale wa Hispania. Anasema "mimi sifanyi, lakini yule baharia simhukumu, mimi nilikuwa na mke, yeye alikuwa na dirisha tu." Mi sijui nasimama wapi kwenye hilo, na sijambishia. Leo anataka tuanze hiyo Anand.

Nesi_Mstaafu_Lindi:

Hongera mwanangu, na mzee mpe shikamoo yangu. Kwa daktari nenda na karatasi uliyoandika maumivu yanaanza saa ngapi na yanakaa muda gani, usiende na neno "anaumwa sana" peke yake. Na huyo kijana aelekezwe kunawa mikono kabla na baada ya kushika mpira, na mfuko ukae chini ya usawa wa kiuno siku zote. Mgongoni na kwenye makalio angalieni ngozi kila anapogeuzwa, ikiwa nyekundu isirudiwe kulaliwa.

Magurudumu_Masasi:

Mzee anatoka nje? Kiti anacho?

Binti_Mikindani:

Kiti tulipewa lakini mlango una ngazi tatu hivyo kimekaa tu chumbani kimewekewa nguo.

Magurudumu_Masasi:

Nipimie urefu wa hizo ngazi toka chini mpaka kizingiti, na upana wa mlango, uniandikie hapa. Mteremko usiwe mkali, kila futi moja ya kwenda juu uwe na futi kumi na mbili za urefu, kwa hiyo angalia na uwanja wa mbele kama unatosha. Kama hautoshi tunaukunja kona. Fundi wa huko Mtwara nitakuelekeza namna ya kumwambia.