Naomba ushauri: madarasa mawili ya Zoom kwa wakati mmoja, akaunti moja

Habarini wakuu, naombeni msaada kidogo. Mimi na wenzangu wawili tunafundisha tuisheni ya mtandaoni kwa fomu foo, tumechanga tukalipia akaunti moja ya Zoom ile ya Pro maana ya bure inakata baada ya dakika 40, na mnajua mwalimu akiwa katikati ya logarithimu ndo inakata, inakera balaa.

Sasa juzi saa mbili usiku mimi niko na Hisabati, mwenzangu wa Fizikia akaingia na akaunti hiyohiyo aanzishe darasa lake, ikamwambia kuna mkutano unaendelea uumalize kwanza, yeye bila kuuliza akabonyeza tu, watoto wangu kama 30 wote nje 😂 simu za wazazi hapo hazikukatika.

Nimekuja kusoma kumbe Pro inaruhusu mkutano mmoja kwa wakati, ukitaka miwili kwa pamoja inabidi uwe na kifurushi cha juu cha Business. Kuwagawa wanafunzi kwenye vile vyumba vidogo ndani ya mkutano mmoja (breakout rooms) nimefikiria ila hosti, yaani mwenye mkutano, ni mmoja na kila kipindi kina saa yake, tutachanganyikiwa.

Je, bora tuongeze laisensi ya pili, au Fizikia ahamie Google Meet ya bure ambayo kwa kundi ni dakika 60? Na mwezi ujao tunataka webina (semina ya mtandaoni) ya wazazi, hiyo nayo najua inalipiwa pembeni. Aliyewahi kupitia hili anipe mchongo, bajeti yetu ni ya kuungaunga.