Mbona watoto wanapotea kliniki baada ya wiki 14?

Mhudumu wa Njenga:
Habari zenu wazazi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Chanjo za wiki 6, 10 na 14, akina mama wangu karibu wote wanazimaliza. Mtoto akifika miezi 9, ile ya kwanza ya surua, wanaanza kupungua. Ya pili, ya miezi 18, ndiyo inaniumiza roho. Juzi nimefungua kitabu cha kliniki cha msichana wa karibu miaka 2: tarehe zimejaa ukurasa mzima, mstari wa mwisho mtupu. Na mamake anampenda, wala haogopi sindano. Ni nini kinawazuia? Msiniambie "hawajui umuhimu". Hiyo naisikia kila mkutano na siiamini.

Mama Baraka:
Dada, ni kibarua. Nafulia watu nguo Embakasi. Nikichelewa asubuhi, kazi amepewa mwingine na jioni hakuna unga. Wiki 14 nilikuwa bado niko nyumbani na mtoto. Miezi 9 yuko deikea, kwa mama anayelea watoto mchana, mimi niko kwa karai. Siku niliyoomba ruhusa nilipanga foleni hadi saa tano, nikaambiwa watoto ni wachache, chupa haiwezi kufunguliwa, nirudi Alhamisi. Ruhusa nyingine nitaitoa wapi?

Sista K:
Muuguzi hapa. Pole sana Mama Baraka. Chupa ya surua na rubela kwa kawaida ina dozi 10, na ikishachanganywa haitumiki zaidi ya muda wa saa sita, inayobaki inatupwa. Ndiyo maana wengine wanangoja watoto wajae. Sisi tunafungua hata kwa mmoja, kwa sababu mama akirudishwa unaweza usimwone tena. Mhudumu, huyo msichana mlete tu. Chanjo haianzwi upya, anaendelea alipoachia. Na mwambie mamake hatagombezwa.

Baba Achieng:
Ongeza kuhama. Wetu alipelekwa kwa nyanya yake Siaya, akarudi, kitabu kikabaki huko. Mke wangu akaogopa kwenda kliniki mikono mitupu.

Mhudumu wa Njenga:
Asanteni. Deikea sikuwa nimeifikiria, na hapa kwetu ziko kila ploti. Sista, mama wa deikea akileta watoto wakiwa na vitabu vyao, na wazazi wamekubali, mtawachanja ama lazima mzazi awepo?