Popo kwenye mwembe wa uani, Moshi: je, tuukate mti?

Mkazi wa Rau

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi Rau, hapa Moshi, katika uwanja wenye nyumba tatu na mwembe mmoja mkubwa ambao baba mkwe aliupanda kabla sijaolewa. Tangu maembe yaanze kuiva, popo huja kila jioni giza linapoingia, na asubuhi tunakuta chini ya mti maembe yaliyoliwa nusu pamoja na vibonge vya makapi waliyoyatema. Juzi nilimkuta mwanangu wa miaka minne akilifuta embe la namna hiyo kwenye kaptula yake ili alile, na alama za meno zilikuwa bado mbichi. Majirani wanataka mti ukatwe, au popo wafukizwe kwa moshi wa matairi, kwa sababu mwaka 2023 watu sita walifariki kule Kagera kwa ugonjwa wa Marburg, na sote tulisikia ukihusishwa na popo. Mti ninauonea uchungu, lakini siwezi kuulinganisha na mtoto. Naomba ushauri.

Daktari wa mifugo, Arusha

Pole, mama, na umefanya vyema kuuliza kabla ya shoka kushikwa. Popo anayejulikana kubeba virusi vya Marburg ni popo wa matunda ambaye mchana hulala mapangoni na migodini, na wanaolala wakining'inia mitini kwa kawaida ni wa jamii nyingine. Hata hivyo, huyo wa mapangoni naye hutoka usiku kutafuta matunda, kwa hiyo sheria ya nyumba iwe moja tu: embe lenye alama ya jino haliliwi na mtu, wala halimenywi ili kuokoa upande uliobaki. Yafagieni asubuhi kabla watoto hawajaamka, myafukie, kisha mnawe mikono kwa sabuni. Popo aliyeanguka, awe mzima au amekufa, asishikwe kwa mikono mitupu.

Ama kuhusu kuwaua au kuwafukiza, nakusihi uwazuie majirani. Katika mgodi wa Kitaka nchini Uganda, wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007, kisha popo wa mgodi ule wakaangamizwa. Baada ya miaka michache popo walirudi, na watafiti walipowapima walikuta walioambukizwa ni wengi kwa uwiano kuliko kabla ya kuangamizwa. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena huko Ibanda, si mbali na mgodi huo. Huenda pengo lililoachwa lilijazwa na popo wageni ambao miili yao haikuwa na kinga, na virusi vikapata pa kuenea. Tena, popo wa matunda ndio wanaosambaza mbegu za mvule, mti ambao ninyi wa Rau mnajivunia msituni kwenu.

Sasa niruhusu nami niulize. Katika uwanja huo mnafuga?

Mkazi wa Rau

Ndiyo, daktari. Tuna ng'ombe wawili wa ndani na mbuzi watatu, na banda liko nyuma ya jiko. Mkojo hupita kwenye mfereji mdogo hadi kwenye migomba, na mfereji wenyewe unapita karibu na bomba la maji. Watoto hucheza hapo, mara nyingi peku.

Muuguzi, Moshi

Dada yangu, hapo ndipo pa kuanzia, nami nasema hivyo kwa sababu nimewahudumia watu wa mji huu kwa miaka mingi. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi. Wagonjwa 528 walihesabiwa kuwa na malaria, lakini waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Homa ya mgunda ilikutwa kwa watu 40, homa ya Q kwa 24, na brusela kwa 16. Yote haya ni magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama. Kila nikikumbuka hesabu hiyo huumia moyo, kwa sababu dawa ya malaria haiigusi hata moja kati ya homa hizo.

Tunapotaja homa ya mgunda watu hulaumu panya, na kweli pengine panya wana lawama. Lakini utafiti mwingine uliofanyika huku kaskazini ulipima panya 384 bila kumkuta hata mmoja na vijidudu hivyo, ilhali vilikutwa kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Vijidudu hukaa kwenye figo za mnyama, hutoka na mkojo, hudumu katika maji na udongo wenye unyevu, kisha huingia mwilini kupitia mchubuko mdogo au macho. Mguu wa mtoto peku kwenye mfereji ule ndio unaoninyima usingizi, kuliko popo.

Hamisheni mfereji usipite karibu na bomba, na anayesafisha banda avae gambuti. Ng'ombe au mbuzi akizaa, kondo la nyuma lisishikwe kwa mikono mitupu wala kutupiwa mbwa. Lifukiwe kwenye shimo refu. Maziwa yachemshwe. Mtu akipata homa na kipimo cha malaria kisionyeshe kitu, mwambieni daktari bila kungoja kuulizwa kwamba mnafuga.

Mkazi wa Pasua

Naongeza moja: mbwa wenu apate chanjo ya kichaa kila mwaka. Mtoto akiumwa na mbwa, hata na tumbili, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza, tiba ya kumponya hakuna.

Mkazi wa Rau

Nimewasomea majirani majibu haya yote. Mwembe umebaki, na zamu ya kufagia alfajiri tumeigawa kwa nyumba tatu. Jumamosi fundi anakuja kuchimba mfereji mpya utakaozungukia nyuma ya banda. Daktari, ninaomba unieleze shimo la kondo liwe na kina gani, kwa sababu ng'ombe mmoja anatarajiwa kuzaa mwezi ujao.

Daktari wa mifugo, Arusha

Chimbeni kina ambacho mbwa hawezi kufukua, mita moja au zaidi, mbali na bomba na kisima, na mmwagie chokaa kabla ya kufukia. Mjamzito asiwepo bandani wakati ng'ombe anazaa. Nguo zilizotumika siku hiyo zioshwe peke yake.