Tupeane uzoefu: namba zinazosomeka sawa mbele na nyuma zilivyokutesa kwenye kodi

Mtoto_wa_Lupu:
Habari zenu wakuu. Juzi nimefungua mafaili yangu ya zamani nikakuta kodi niliyoandika nikiwa ndo naanza lugha ya programu ya Python, nikacheka peke yangu kama chizi, nikasema hii naileta hapa na nyie mtoe zenu. (Kodi ya kompyuta jamani, sio ile ya kulipa.)

Swali lilikuwa lile la 36 la Project Euler (tovuti ya mafumbo ya hesabu na programu), unatakiwa ujumlishe namba zote chini ya milioni ambazo ni palindromu, yaani zinasomeka sawa mbele na nyuma, kwenye besi 10 (ya kawaida) na kwenye besi 2 (ya 0 na 1 tu) pia. Mfano 585, igeuze ni 585 ileile, halafu kwenye besi 2 ni 1001001001, nayo igeuze uwezavyo. Nikajiambia hii mistari mitano tu, lupu moja, geuza, linganisha, jumlisha, tukalale. Nikaendesha, jibu 0. Nikaendesha tena, 0. Nikazima kompyuta nikawasha, we! 0. Nimekaa na hiyo sifuri mpaka saa saba usiku nabadilisha vitu ambavyo havina kosa lolote.

Kumbe Python ukiiomba besi 2 inakupa na kichwa chake mbele, 9 haikupi 1001, inakupa 0b1001, sasa ukigeuza unapata 1001b0, itafanana na nani? Ila kilichonimaliza ni kwamba programu haikukosa namba kabisa, ilipata moja, sifuri yenyewe, maana 0b0 ukigeuza ni 0b0! Kwa hiyo ilikuwa inanijibu kwa unyoofu kabisa, jumla ni sifuri. Nilipokata zile herufi mbili za mbele zikashuka namba 19, kuanzia 1 mpaka 585585, jumla 872187. Haya, nani anafuata?

binti_wa_simu:
Hahaa hiyo 0b nadhani kila mtu ameilipia ada yake. Mimi nilikuwa sina laptop, naandikia kwenye simu, na simu yenyewe ikipata moto inajizima. Kuzungusha mara milioni ilikuwa adhabu. Nikakaa chini na karatasi nikaona kitu, kwenye besi 2 namba shufwa inaishia na 0, sasa ili iwe palindromu ingebidi ianze na 0 pia, na namba haianzi na 0, kwa hiyo shufwa zote nje, kazi nusu imeisha hapohapo.

Halafu kaka yangu akaniuliza, kwa nini unazikagua zote wakati unaweza kuzitengeneza? Chukua 123, igeuze, ibandike, unapata 12321 na 123321. Chini ya milioni palindromu za besi 10 ni 1998 tu ukiacha sifuri, na ukibakisha zinazoanza na tarakimu witiri ni 1110. Kutoka milioni mpaka 1110! Simu hata haikupata joto. Toka siku hiyo kabla sijaandika lupu lazima karatasi kwanza.

Fundi_Sifuri:
Mimi sio palindromu yenyewe, ni hizohizo sifuri za mbele. Naandika kwa lugha ya C, nataka jedwali langu la besi 2 likae vizuri, kila namba tarakimu nne ili macho yasiumie, basi nikaandika 0110 nikitegemea mia na kumi, nije niitenganishe tarakimu moja moja. Ikaja 72. Sabini na mbili imetoka wapi?? Kumbe kwenye C ukianza na 0 umeshaiambia hii ni besi 8. 64 na 8, hiyo 72. Nilikuwa natafuta besi 2, nikaandika kama besi 10, mashine ikasoma besi 8.

Kakakuona77:
Nyie mmepata aibu mkiwa wenyewe chumbani, mimi nilitangaza kwenye grupu la darasa.

Kuna ule mchezo wa kugeuza na kujumlisha, unarudia mpaka upate palindromu. Chukua 56, jumlisha na 65, unapata 121, palindromu. Namba nyingi zinafika fasta, 89 ndo msumbufu, hatua 24 mpaka ifike 8813200023188. Ila 196 watu wameisukuma mpaka mamilioni ya tarakimu na haijafika, na hakuna aliyethibitisha kwamba haitafika milele. Sasa mimi nikaandika ya kwangu kwa JavaScript, nikaweka 196, sekunde haijaisha ikaandika IMEPATIKANA. Wakuu, nilisimama. Nikatuma kwenye grupu kabla sijaangalia namba yenyewe, nikaandika na mbwembwe, "wazungu wamehangaika miaka mimi sekunde moja".

Mmoja akauliza, haya tuone hiyo namba. Nikashuka chini kuangalia: NaN.

Kilichotokea, JavaScript namba zikipita 9007199254740991 inaanza kukadiria, zikikua zaidi inaziandika kwa kifupi chenye e+21 ndani yake, mimi nageuza maandishi hayo yanakuwa takataka, takataka ukiifanya namba inakuwa NaN, yaani si namba. Na NaN igeuze, N, a, N. Palindromu! Programu haikukosea hata kidogo. Mpaka leo wale jamaa wananiita NaN, hata kwenye kadi ya harusi walitaka kuandika.

Ila tuachane na utani, kwenye besi 2 hili swali la kama kuna namba isiyofika kamwe limeshajibiwa. Chukua 22, yaani 10110, geuza ujumlishe mara nne unapata 10110100, mara nne tena 1011101000, umeona? Kuanzia 10110100 kila hatua nne inaongezeka 1 moja katikati na 0 moja mwishoni, umbo ni lilelile, kwa hiyo haitafika kamwe. Besi 10 ndo bado inatunyima usingizi.

Mwalimu_wa_Jioni:
Nafundisha vijana wa sekondari kompyuta jioni. Niliwapa kazi, kila mtu atafute mwaka aliozaliwa ni palindromu kwenye besi gani. Mmoja akanyoosha mkono dakika ya kwanza, mwalimu, wote! Kivipi? Akasema mwaka wowote kwenye besi iliyopungua moja ni 11. Na kweli, 1967 kwenye besi 1966 ni 11. Nikamnyima maksi halafu usiku dhamiri ikanisuta nikamrudishia. Ila 1967 hata bila ujanja imo, besi 2 ni 11110101111, nikawaambia hata mwaka wa Azimio la Arusha unasomeka sawa ukitokea kulia au kushoto, wakanitazama tu. Baada ya hapo ni 2015, halafu msubiri 2047.

Mkenya_Halisi:
Mwalimu, ukitoa huo ujanja wa 11 kuna namba hazina palindromu kwa besi yoyote. 47 ni mojawapo. Nilizungusha kutoka besi 2 hadi 45, hola. Na kaunti zetu ni ngapi? 47. Sasa naelewa kwa nini haturudi tulikotoka.

Mtoto_wa_Lupu:
@Mkenya_Halisi nimekufa 😂 Nimekimbia kuangalia mikoa yetu, 31 na Zanzibar ndani. Besi 2: 11111. Besi 5: 111. Besi 30: 11. Moja tupu kila mahali, jirani poleni sana.