Naomba ushauri: mwaka wa kwanza uhandisi, nichukue kozi zipi muhula huu?

Wakuu, habari za muda huu.

Nimepata nafasi ya kusoma uhandisi na usajili wa kozi unafungwa Ijumaa. Bado sijaamua kama ni mitambo au umeme. Mwaka wa kwanza tunasoma wote pamoja, kugawanyika ni mwaka wa pili.

Za lazima ni mbili: Kalkulasi I (hesabu za mabadiliko) na Fizikia I (mekanika, yaani nguvu na mwendo) pamoja na maabara yake. Zinazobaki nachagua mwenyewe kati ya kuandika programu, kemia, aljebra ya mstari (kutatua milinganyo mingi kwa pamoja), michoro ya kihandisi na kozi moja ya hiari nje ya uhandisi. Kuna ukomo wa krediti (namba zinazopima uzito wa kozi), ila mshauri wa masomo akisaini unaruhusiwa kuuzidi.

Wazo langu ni kubeba zote nizimalize mapema. Halafu kalkulasi nimeisoma sekondari na nilifaulu vizuri, kwa hiyo naruhusiwa kufanya mtihani wa kuruka Kalkulasi I na kuanzia II. Jamaa yangu wa mwaka wa tatu anasema niruke, nisipoteze muda. Mnaonaje?

MzeeWaBoriti

Hongera dogo. Sasa hilo la kubeba zote liweke pembeni kwanza.

Chukua mwongozo wa kozi wa chuo chenu, usome pale walipoandika masharti ya awali, yaani kozi ipi lazima uipite kabla ya ipi. Chukua karatasi, chora mishale. Kalkulasi I inafungua Kalkulasi II, ya pili inafungua milinganyo tofautishi (inayoeleza vitu vinavyobadilika), na bila hiyo mitetemo na udhibiti wa mifumo utavisikia kwa wenzako tu. Fizikia I inafungua statiki (nguvu kwenye vitu vilivyotulia), statiki inafungua dainamiki (vitu vinavyotembea), na mzigo unavyokunja boriti nao unausoma baada ya statiki. Ukiangusha kozi yenye mishale mingi, na chuo kinaifundisha mara moja kwa mwaka, umejichelewesha mwaka mzima. Ile isiyofungua chochote inaweza kusubiri hata mwaka wa tatu.

Kwa hiyo usiulize kozi ipi ni rahisi. Uliza ipi ikichelewa itazuia nyingine.

Kipepeo_K

Ngoja nikae hapa, mdogo wangu naye anaanza mwaka huu.

BintiSakiti

Nakazia aliyosema Mzee, ila mimi naongeza suala la saa, maana wengi wanahesabu krediti wakasahau saa.

Kwenye mfumo ambao krediti 1 ni saa 1 ya darasani kwa wiki, kawaida unategemewa ujisomee saa 2 kwa kila saa hiyo. Krediti 15 ni saa 45 kwa wiki, hapo hujala wala hujafua. Vyuo vya Ulaya vinahesabu vingine: krediti 30 kwa muhula, kila moja saa 25 hadi 30 za kazi. Kasome chuo chako kinahesabuje kabla hujamfuata mshauri akusainie mzigo wa ziada.

Halafu maabara ndiyo inayodanganya watu. Kwenye karatasi ni krediti moja. Uhalisia ni kusimama saa tatu unapima, kisha unarudi chumbani kuandika ripoti yenye grafu na makadirio ya makosa ya vipimo, na kesho yake kuna zoezi la kalkulasi la kukabidhi. Kuandika programu nako kuko hivyohivyo. Unagawanya 5 kwa 2 kwenye lugha ya C, kompyuta inakupa 2 badala ya 2.5 kwa sababu namba zote mbili umeziandika kama namba kamili, na jioni yako yote inaishia kumtafuta huyo mdudu, yaani kosa la kwenye programu. Kozi nzuri sana, ichukue, ila ukiwa na Fizikia I na maabara yake usiongeze kemia yenye maabara ya tatu.

Mkaa_Maktaba

Nijibu la kuruka, maana wote mmelipita.

Usiamue kwa alama za sekondari. Tafuta mtihani wa mwisho wa Kalkulasi I wa chuo hichohicho, funga daftari, weka saa, ufanye wote. Najua ukiulizwa derivetivu (kasi ya kubadilika) ya x² utajibu 2x hata kabla swali halijaisha. Sasa ithibitishe kwa kutumia kikomo (thamani ambayo hesabu inaikaribia), bila kanuni. Ukimaliza hilo, tanki lenye umbo la koni, ncha chini, linaingia maji kwa kasi isiyobadilika: kina kinapanda kwa kasi gani maji yakifika nusu ya urefu wake? Hapo ndipo wanapotenganishwa waliokariri kanuni na wanaojua zinatoka wapi. Na Kalkulasi II haitakungoja. Inakuja na mbinu za kutafuta integrali (kinyume cha derivetivu), kisha mfululizo wa Taylor (kuandika kazi kama jumla ndefu ya vipeo vya x), na mhadhiri anachukulia vikomo vimekaa kichwani.

Ukipita bila kutokwa jasho, ruka. Ukikwama hata maswali mawili matatu, kaa.

Nati_na_Bolti

Mkaa, kuna upande wa pili. Mtu akirudia anachokijua anazembea. Wiki za mwanzo anaona marudio, anaacha kuhudhuria, akija kushtuka darasa limeshafika mbali. Nimeona wakali wa hesabu wakipata alama za aibu Kalkulasi I kwa sababu hiyo tu. Dogo akibaki, afanye mazoezi kama mgeni.

Kuhusu kuchagua: michoro ya kihandisi inakula muda lakini haikaangi kichwa, inafaa kukaa pembeni ya fizikia. Kwa mitambo utaihitaji kweli. Kama ni umeme, aljebra ya mstari itakufaa zaidi, maana sakiti yenye vitanzi vingi ni milinganyo sambamba tu, na matriki (namba zilizopangwa kwa safu na nguzo) ndiyo njia ya kuitatua bila kuchanganyikiwa.

BintiSakiti

Hapo kwa umeme nakubali, ila sakiti haianzi muhula wa kwanza. Aljebra aichukue wa pili. Programu inamfaa kokote atakakokwenda, mitambo au umeme, ndiyo maana naitanguliza.

Mleta mada

Shukrani sana wakuu. Nimefanya huo mtihani jana usiku. Derivetivu na integrali nilizimaliza, tanki la koni likanigomea na swali la kikomo niliandika nusu. Nabaki Kalkulasi I.

Nimechora mishale pia. Kemia kwenye mwongozo wetu inafungua sayansi ya nyenzo (tabia za chuma, plastiki na kadhalika) tu, na hiyo ni mwaka wa pili muhula wa pili, kwa hiyo ina nafasi. Nafikiria: Kalkulasi I, Fizikia I na maabara, programu, michoro. Ya hiari naiacha.

Tatizo, kikundi cha maabara ya programu chenye nafasi ni kimoja, kinagongana na maabara ya fizikia. Vingine vimejaa.

MzeeWaBoriti

Mpangilio mzuri huo. Usiifute programu kwa ajili ya kikundi. Mwandikie leo anayeratibu maabara, mtumie ratiba yako yote aone mgongano, na uulize kama kuna orodha ya kusubiri. Wiki ya kwanza na ya pili watu wanahama na kuacha kozi, nafasi zinatoka.

Nati_na_Bolti

Na uangalie tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila kuandikwa kwenye rekodi zako. Ikifika na hujapata kikundi, weka aljebra mahali pa programu. Ila mada za mwanzo za aljebra anza kuzisoma tangu sasa, usije ukaingia darasani wenzako wameshafika mbali.

Mleta mada

Barua pepe imeshakwenda. Nikijibiwa nitaleta mrejesho.