Mdogo wangu mishipa ya macho imevimba kwa presha ya kichwani, daktari anataka kumwekea mpira mpaka tumboni. Naombeni ushauri

Kaka wa Soweto (Moshi):
Habari zenu wakuu. Naombeni mnisome mpaka mwisho, hili jambo linaninyima usingizi.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 27, anauza mitumba soko la Memorial. Tangu mwaka jana kichwa kinamuuma, zaidi asubuhi. Akiinama kuchagua nguo macho yanaingia giza sekunde chache, kisha yanarudi. Masikioni anasikia mvumo unaoenda sawa na mapigo ya moyo. Duka la miwani walimpa miwani, hali ikabaki vilevile. Mwishowe tukaenda kliniki ya macho, wakamtia matone ya kupanua mboni, daktari akamulika ndani na kusema mishipa ya fahamu ya macho yote mawili imevimba. Siku hiyohiyo akatuandikia CT, picha ya kuangalia ndani ya kichwa.

CT ilitoka safi. Wakamchoma sindano ya mgongoni kupima presha ya maji ya ubongo, ikasoma sentimita 38, na kwa mtu mzima haitakiwi kuvuka 25. Akaanzishiwa Diamox, vidonge vya kupunguza maji hayo. Kichwa kimepungua, vidole vinamfanya ganzi, lakini jicho la kulia linazidi kufifia. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani na yeye bado anamimina.

Sasa daktari anataka apasuliwe, awekewe mpira kutoka kichwani hadi tumboni. Mama anauliza: jicho ndilo linaloumwa, tumbo linaingiaje? Ndugu zetu wa Marangu wanataka aende nyumbani anywe dawa za miti kwanza. Alhamisi tunatakiwa kutoa jibu. Naombeni mwenye uelewa anieleze.

Mkibosho:
Pole sana mkuu. Jicho likishaanza kufifia huna muda wa kujaribu hiki na kile. Msimpeleke Marangu.

Tabibu wa Macho:
Pole kaka, mpe pole na mama. Swali lake ni zuri, na familia nyingi zinakwama hapohapo.

Ubongo unaogelea kwenye maji. Mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku na kuyanyonya tena kwenye damu, ndani kunabaki kama mililita 150. Utando unaoyashikilia hauishii kwenye fuvu. Unaufuata mshipa wa fahamu wa jicho mpaka nyuma kabisa ya jicho, umeuvika kama ala. Presha ikipanda kichwani, maji yaleyale yanaubana mshipa ndani ya ala hiyo. Nyuzi zake husafirisha virutubisho kati ya jicho na ubongo, usafiri huo unakwama na kichwa cha mshipa kinavimba. Ndiyo maana jicho lenyewe haliumi wala haliwi jekundu, na ndiyo maana miwani haikusaidia.

Mama anaujua mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba. Ukifurika shambani kwako, hukai shambani kuchota maji kwa ndoo, unafungua njia pengine na kina kinashuka kote. Mpira unafanya kazi hiyo. Ncha moja inakaa kwenye vyumba vya maji ndani ya ubongo, katikati kuna vali inayofunguka presha ikizidi, halafu mpira unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, mpaka tumboni. Hauingii kwenye utumbo. Unamwaga maji nje ya utumbo, na mwili unayanyonya. Presha ikishuka kichwani, inashuka na ndani ya ala ya jicho.

Upo upasuaji mwingine: daktari anaingia pembeni ya jicho na kukata dirisha dogo kwenye ala yenyewe, maji yatoke palepale. Kazi hii ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1872 na Louis de Wecker. Unaokoa uoni zaidi kuliko kutuliza kichwa. Si kila hospitali ina mtu wa kuufanya, muulizeni daktari wenu.

Naomba mlielewe hili kabla ya Alhamisi: upasuaji unazuia uharibifu kuendelea, ila nyuzi zilizokwisha kufa hazifufuki. Uvimbe wenyewe hushuka kwa wiki hadi miezi. Mshipa ukishapauka, hata presha ikiwa nzuri, uoni uliopotea haurudi. Kwa dalili ulizoandika, mimi nisingengoja.

Ulizeni pia kama mishipa ya vena ya kichwani, ile inayorudisha damu kwenye moyo, imepigwa picha. CT ya kawaida inaweza kutoka safi na kuna damu iliyoganda humo, na tiba yake ni tofauti.

Mama Wawili (Arusha):
Mimi ninao huo mpira, nikigusa nyuma ya sikio nausikia. Kichwa kilitulia mapema, macho yalichelewa. Ila mjue unaweza kuziba au kupata maambukizi. Siku atakayoumwa kichwa kama zamani akatapika, akawa mzito wa kuamka au akapata homa, mkimbizeni hospitali usiku uleule na semeni mlangoni kabisa kwamba ana mpira kichwani.

Dada wa Njiro:
Kaka, anatumia dawa za chunusi? Doksisaiklini na vitamini A nyingi zinaweza kupandisha presha hiyo. Na je, ameongezeka uzito?

Kaka wa Soweto (Moshi):
Nimemuuliza sasa hivi. Amekuwa akinunua vidonge vya chunusi duka la dawa, ni doksisaiklini. Na mwili umeongezeka sana tangu ajifungue. Hakuna daktari aliyeambiwa habari za vidonge.

Tabibu wa Macho:
Aache leo, na Alhamisi mkabebe kopo lake. Pengine vimechangia, lakini kwa jicho linalofifia msitumie hilo kuahirisha upasuaji. Uzito aanze kuupunguza taratibu, kwa wengi wenye hali hii ndiyo tiba ya kudumu.

Kaka wa Soweto (Moshi):
Asante sana. Nimemsomea mama yote, ya mfongo ameelewa. Anauliza: na huo mpira ataweza kuzaa tena?

Tabibu wa Macho:
Ataweza. Wanawake wenye mpira hubeba mimba na kujifungua salama, mradi aliyemfanyia upasuaji na kliniki ya wajawazito wote wajue mapema.

Kaka wa Soweto (Moshi):
Basi mama amekubali. Hatungoji Alhamisi, kesho asubuhi tunaenda na vidonge vyake.